Sahihi Niliyowanyima Watu wa Hirbadaw

Siku mliyoniaga kazini nilipostaafu mlinipa blanketi, kiti cha kukunja na hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kuvumilia. Baada ya pilau mmoja wenu, simtaji, aliniinamia sikioni akasema, mzee, wewe umepokea madaktari wapya wa kila chuo nchini, hebu tuambie ukweli, chuo cha kwanza ni kipi na cha mwisho ni kipi? Ana mtoto kidato cha sita, masikini, na simu yake imejaa orodha za vyuo bora. Nikamjibu kwamba chuo bora ni kile chenye chakula kizuri. Tukacheka, akaenda zake hajaridhika. Nami nilirudi nyumbani sijaridhika, maana jibu ninalo. Ni refu, tena halifai kusemwa penye pilau. Ndiyo maana nimekaa kwenye kiti chenu cha kukunja, kinachonifinya mapaja, nikaona niliandike.

Nilianza kazi Mbulu, miaka ile ambayo daktari mpya alikuwa kitu cha kutazamwa. Nilishuka kwenye basi asubuhi yenye ukungu, nimevaa shati la mikono mifupi kama mtu aliyetoka Dar es Salaam, na kweli nilikuwa nimetoka Dar es Salaam. Lakini nilizaliwa huko huko juu, mtoto wa Kimbulu, na nilipaswa kuijua baridi ya kwetu. Miaka ya chuo husahaulisha mambo. Mama wa kwanza kumpima, nilimwekea mkono wa baridi tumboni akaruka kitandani. Mkuu wangu, Dokta Bayo, hakunifokea. Alinisimamisha katikati ya wodi, mikono nimeibana kwapani mpaka ipate joto, wagonjwa wote wakinitazama. Kisha akasema kwamba tumbo ukilishtua linakufungia mlango, na wewe utabisha hodi hapo nje mpaka kesho.

Huyo ndiye aliyenifundisha udaktari. Chuo kilinifundisha majina ya vitu. Alikuwa mfupi, mkali, hasifii mtu, na alitembea na pembe ya mbao ya kusikilizia mtoto tumboni, ile ambayo unaweka upande mmoja kwenye tumbo la mama na upande mwingine kwenye sikio lako. Ilikuwa imelainika kwa kushikwa. Alipostaafu alinipa bila maneno, na sasa mjukuu wangu anaipuliza kama tarumbeta. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mgonjwa asilipie aibu yako. Wambulu tuna aibu zetu, alisema, Wabarabaig wana zao, na Wanyiramba wana zao. Ukiingia wodini zitundike mlangoni pamoja na koti la mvua, utazikuta ukitoka. Na kama aibu imekataa kutundikwa, mwite mwenzako aulize kwa niaba yako, lakini swali liulizwe. Wakati ule nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Baadaye nikahamishiwa upande wa Hanang, kwenye hospitali ambayo nyinyi mnaijua na wengine hawana haja ya kuijua. Kutoka kwenye vitunguu saumu na ukungu nikaangukia kwenye vumbi na ng'ombe. Nilijifunza kusubiri. Mfugaji wa Kibarabaig hamleti mgonjwa mpaka ameshajaribu kila kitu nyumbani, na anapomleta hana maelezo mengi. Nilikuwa na nesi mmoja, Paulina, binti wa hao hao wafugaji, ambaye alinitafsiria maneno na pia kimya, na kimya ndicho kilichokuwa kigumu zaidi. Bila Paulina ningekuwa kama mganga wa mifugo, napapasa tu kiumbe kisichosema.

Halafu tukaanza kupokea intani, na hao ndio walionizeesha. Kwa wale wasiojua, intani ni daktari aliyekwisha kuhitimu chuo lakini bado hajapewa leseni kamili. Anafanya kazi chini ya daktari mkubwa, na muda ukiisha yule mkubwa anatia sahihi kwamba kijana ameiva. Bila sahihi hiyo haendi popote. Kwetu yule mkubwa nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza sikutazama cheti cha mtu. Niliwapeleka kwa mgonjwa wa tumbo nikasema, pima. Miaka ilivyokwenda nikaweza kutaja chuo cha mtu kabla hajafungua mdomo. Kuna vijana wa vyuo vya zamani vyenye majina, walipima vizuri, kwa utulivu, kisha wakageuka kutafuta mashine, na mashine ilikuwa Arusha. Hao waliponywa na umaskini wetu ndani ya miezi michache. Lakini kulikuwa na wengine. Hao walisimama kitandani viwiko vimebanwa mbavuni, wakanyoosha mkono, wakagusa, wakaurudisha haraka kama mtu anayeonja sufuria ya moto. Ilinichukua muda kuelewa. Walijifunzia kwenye msongamano, darasa zima kwenye kitanda kimoja, kila mmoja anapita na kugusa mara moja kama waombolezaji wanavyopita kuaga. Mwili wao ulikuwa umezoea kubanwa. Kitanda kikiwa wazi mbele yao, viwiko havikujua pa kwenda.

Ndiyo orodha yangu hiyo. Zile za kwenye simu mnazonionyesha, chuo hiki cha tatu Afrika Mashariki, kile cha tisa, sizikatai. Zinapima majengo, tovuti na makala za maprofesa, na hivyo navyo ni vitu. Vyuo vingine vilifika mpaka kubandika matangazo stendi ya mji wetu wa Katesh: maabara za kisasa, walimu mahiri, hosteli zenye maji. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijaona tangazo linalotaja viwiko.

Sasa Gidamis.

Alikuja na wenzake watatu, mrefu kuliko mlango, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwamkia mama anayefagia korido. Shikamoo mama, akasubiri marahaba yake ndipo akapita. Nikampenda hapo hapo, sitaficha. Alikuwa mtoto wa Wabarabaig wa Hirbadaw, daktari wa kwanza kutoka boma lolote la upande ule niliyepata kumwona. Ukoo mzima ulikuwa umetoa ng'ombe ili asome, na si chuo cha serikali, maana alama zake hazikutosha. Ni kimojawapo cha vile vya kwenye matangazo. Siku yake ya kwanza mama yake alikuja na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya daktari mkubwa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kwa kinywa cha Paulina aliniambia kwamba huyu si wake peke yake.

Kisha nikampeleka kwa mgonjwa, nikasema, pima. Sikuwahi kuona viwiko vilivyobanwa kama vile.

Lakini watu walimpenda. Wanawake wa Hirbadaw, ambao kwa miaka yote nilikuwa nawasubiri na hawaji, sasa walikuja kujifungua kwetu. Walikaa chini kwenye veranda na sketi zao za ngozi na bangili zao za shaba, wakauliza mtoto wetu yuko wapi. Akiwapo wanaingia, asipokuwapo wanangoja. Wodi ya wazazi ikajaa. Mimi niliyezungumza nao kupitia Paulina kwa nusu ya maisha yangu sikupata hata robo ya imani ile, na niliona wivu kidogo, kisha nikashukuru. Usiku na mchana niliwaza jinsi ya kuitengeneza mikono ya yule kijana kabla haijamwangusha.

Siku moja, tukinywa chai, nilimwuliza hicho chuo chao kilipitishwaje na wakaguzi. Alicheka, yeye si mtu wa kucheka hovyo. Akasema hospitali ya chuo ilikuwa na vitanda vingi vipya na wagonjwa wachache, kwa hiyo siku ya ukaguzi wanafunzi walipewa mashuka wakalala. Kila mmoja alipangiwa ugonjwa. Yeye alipangiwa nimonia kwa sababu alikuwa mwembamba. Mkaguzi mmoja alifika, akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasonga mbele. "Nilipona wakati wa chakula cha mchana, walipoondoka," akasema. Paulina alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikuweza. Niliuliza, je, katika miaka yote hiyo, wewe mwenyewe uliwahi kuwauliza wagonjwa wangapi maswali, tangu mwanzo mpaka mwisho, peke yako? Akatazama chai yake. Akasema mwalimu alikuwa anazungumza kwa kipaza sauti ukumbini, na wao wanaandika.

Wewe mwenye mtoto kidato cha sita, kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua hiki. Nenda kwenye chuo unachokifikiria, siku isiyo ya ukaguzi. Usiende ofisini, watakupa soda. Nenda wodini, simama kimya, tazama kama kuna mwanafunzi anayemwuliza mgonjwa swali kisha anasubiri jibu. Usipomwona, mrudishe mwanao nyumbani akalime, ataua wachache zaidi.

Nilimfanyisha kazi Gidamis kuliko wenzake wote. Nilimshika viwiko kwa mikono yangu nikavifungua. Alijifunza haraka, mikono yake ilianza kutulia, nikaanza kulala vizuri. Kosa lilikuwa limejificha pengine, na mimi nilikuwa natazama mikono.

Mgonjwa mwenyewe sitamtaja jina. Alikuwa mke wa mwisho wa baba yake mkubwa Gidamis. Kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa kumfuata. Kwa mila alikuwa mama yake. Alikuja akitembea kwa miguu yake, anashika tumbo chini ya kitovu, akapita veranda yote akimtafuta mtoto wao. Siku hiyo nilikuwa chumba cha upasuaji na Paulina alikuwa pamoja nami. Gidamis alimpima, mikono ikiwa sawasawa kabisa, akauliza homa, akauliza choo, akauliza chakula. Akaona ni maambukizi ya mkojo, akampa vidonge, akamwambia aende nyumbani akapumzike. Yule mama akaenda.

Alirudi siku ya pili kwenye bodaboda, ameshikiliwa katikati ya dereva na mumewe, midomo imekuwa ya rangi ya jivu. Nilimgusa tumbo nikajua. Mimba ilikuwa imeshika nje ya mji wa mimba, ikakua pale isipotakiwa, ikapasuka, na damu yote ilikuwa inamwagikia ndani. Tulimpasua mimi na Gidamis. Damu ya kumwongezea haikuwapo ya kutosha. Tukapiga simu Katesh, na vijana wa mzee mmoja wa duka la vitenge, Waislamu wazuri ambao hawajawahi kutukatalia, waliacha duka wazi wakaja kutoa. Walifika tumeshamfunika. Wakasimama mlangoni mikono ya mashati imekunjwa tayari, hawajui waishushe au waiache.

Nikamchukua Gidamis nje, nyuma ya jiko la wagonjwa. Nikamwuliza swali moja, kama alimwuliza ni lini mara ya mwisho kuona siku zake. Maana hilo ni swali la kwanza kwa kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa anayekuja na tumbo. Hata anayefagia analijua. Ukiuliza, unapima mkojo. Ukipima, unajua ana mimba. Ukijua ana mimba na tumbo linauma hivyo, humrudishi nyumbani.

"Ni mama yangu, mzee," akasema.

Nikamwambia angemwita nesi yeyote amwulize. Hapo akanitazama kama mtu anayesikia jambo jipya kabisa. Akasema hakujua kwamba inaruhusiwa. Alidhani daktari anayeshindwa kuuliza atafukuzwa. Kisha akasema, "Chuoni hatukuwahi kumwuliza mtu. Majibu tuliandikiwa ubaoni."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa. Halafu nikatamani kumpiga mtu mwingine, mtu wa ofisini huko chuoni ambaye simjui sura, na kwa kuwa hakuwapo niliupiga ukuta wa jiko, na kidole hiki cha pete hakijanyooka mpaka leo. Waswahili husema mficha uchi hazai. Kwetu aliyeficha alikuwa mwingine, na aliyekufa mwingine. Watu walimwamini kijana yule kwa sababu ni mtoto wao, na kwa sababu ni mtoto wao hakuweza kumwuliza mama yake. Kuona aibu si dhambi, nami nimeona aibu maisha yangu yote. Chuo kizuri hakikuondolei aibu. Kinakufundisha la kufanya inapokukamata, na hilo hufundishwi kwa kipaza sauti.

Ndugu waliambiwa ukweli wa ugonjwa, kwamba mimba ilipasuka ndani. Kwa nini haikujulikana mapema hawakuuliza, nasi tuliandika tunachoandika. Walimzika wakimshukuru Gidamis kwa kujitahidi.

Muda wake wa mafunzo ukaisha. Nyumbani kwao pombe ya asali ilikuwa imeshaanza kuchacha kwa ajili ya sherehe. Nikamwita nikamwambia sitii sahihi. Atakaa tena chini yangu mpaka niridhike. Alisema sawa mzee, akashukuru, na alipotoka aliinama mlangoni kuliko inavyohitajika.

Habari zikafika Hirbadaw kabla yake. Kwamba Mmbulu amemkatalia mtoto wetu. Hayo maneno yana uzito kwetu. Wambulu na Wabarabaig tuna historia ya kuibiana ng'ombe na ya kutaniana, na siku hiyo haukuwa utani. Mkubwa mmoja wa wilayani alinipigia simu kwa sauti ya upole, akaniambia wenzangu hospitali nyingine wanasaini tu, kwa nini nijipe tabu na watu wakali. Nikamwambia mtandao unasumbua. Lakini kilichoniumiza si simu. Wanawake waliacha kuja. Veranda ikabaki na mbuzi wa mlinzi. Tukaanza tena kusikia habari za waliojifungulia nyumbani, kisha habari za wasiopona, na kila habari ilipofika nilijua jina langu limo ndani yake. Ningetia sahihi wangerudi siku ya pili yake. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni.

Asubuhi moja walikuja wenyewe. Si wagonjwa. Walikuwa wanawake peke yao, wameshika fimbo, wakaketi kwenye majani nje ya uzio wa hospitali, duara kubwa, wala hawakuzungumza na mlinzi. Paulina alitazama dirishani akaniambia, dokta, hilo ni baraza. Wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao, wanaume hawakai ndani yake. Mambo ya uzazi ni yao, na mwanamume akiwakosea katika hayo wanamhukumu, na faini yao ni dume jeusi la ng'ombe. Nikauliza mshtakiwa ni nani. Paulina akanivua koti jeupe akalitundika.

Mimi si wa kabila lao, ningeweza kubaki ofisini. Nilikwenda. Nilikaa chini kama nilivyoelekezwa, Paulina pembeni yangu akinitafsiria kwa sauti ndogo. Aliyesimama kuzungumza alikuwa bibi mkavu, mwenye fimbo iliyonyooka kuliko mgongo wake. Mama yake Gidamis alikuwa nyuma yake. Na mstari wa mbele kabisa, kichwa kimenyolewa kwa msiba, alikaa mama mzazi wa marehemu, aliyekuja kutoka upande wa Gitting.

Bibi akauliza mtoto wao ana kosa gani. Nikasema hajaiva. Akasema chuo kilimpa joho na kofia, wote waliona picha, je, chuo kilivisha mbichi? Wakacheka kidogo, kicheko cha baridi. Akauliza tena, kosa lake nini. Ningelitaja kosa lenyewe, lingekuwa jibu, na lingemmaliza kijana mbele ya ukoo wote uliouza mifugo kwa ajili yake. Tena ingekuwa kumwaga siri ya marehemu mbele ya mama yake. Nikasema faini nitalipa. Nikamwambia Paulina awaambie nitalinunua dume mnada wa kwanza.

Hapo mlango wa hospitali ukafunguliwa akatoka Gidamis. Wanaume hawaingii kwenye baraza lile na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alisimama ukingoni mwa duara, akavua viatu. Alizungumza kwa Kidatooga, lugha ya kwao, pole pole, na Paulina aliacha kunitafsiria katikati kwa sababu alikuwa analia, lakini nilikuwa nimeshapata ya kutosha. Aliwaambia yule mama alikuja akitembea. Aliwaambia lipo swali ambalo lingemwokoa, naye alilijua, na alimwonea haya. Akasema Mmbulu huyu amenisitiri, hana kosa.

Paulina akafuta macho, akaendelea kunitafsiria. Yule mama aliyenyolewa hakuinua kichwa.

Bibi mwenye fimbo akamwuliza kitu kimoja: "Akija mama yako mwingine kesho, utamwuliza?"

"Sijui," akasema Gidamis.

Nimesahihisha mitihani mingi. Hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na hakuna chuo ambacho kingelipa alama.

Wakainamiana, wakanong'ona. Hukumu ikatoka kwamba Mmbulu asilipe, na mtoto asilipe, maana mtoto hajifundishi mwenyewe. Dume jeusi litalipwa na waliomfundisha. Paulina akawaeleza kwamba chuo kiko mbali sana na wenyewe hawajui kama wanashtakiwa. Bibi akasema basi watajulishwa, na dume litaletwa hapa hapa. Halijaletwa.

Nikadhani yameisha. Sahihi, kwa wale mnaopenda kujua, nilikuja kuitia miezi mingi baadaye, asubuhi ya kawaida tu, na sina la kusimulia. Siku yenyewe ilikuwa hii. Mama yake Gidamis alipita mbele, akasimama karibu na mwanawe mpaka vichwa vikaribie kugusana, ingawa ilibidi ainue uso sana.

"Na mpaka hilo dume lifike," akasema, "nani atakufundisha? Mimi ni mama yako. Niulize."

Mama yake hakusogea. Wanawake wote walimngoja, na mimi nilijikuta nimebana viwiko vyangu mwenyewe. Mwisho Gidamis akauliza, akitazama chini, sauti haifiki mbali: mama, mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?

"Zilikwisha mwaka ule ulipokwenda shule," akasema mama yake, akarudi kukaa.

Akasimama bibi mwenye fimbo. Niulize mimi. Akamwuliza, bibi akasema hata mvua ya mwaka ule haikumbukwi tena, na wanawake wakacheka, safari hii kicheko kizima. Akasimama mwingine, na mwingine. Niulize. Niulize. Shangazi zake, wake wa baba zake, wanawake ambao kwa mila hapaswi hata kuwatazama usoni akizungumza. Aliuliza kila mmoja machozi yakimshuka, na nilisikia sauti yake ikipanda kidogo kidogo mpaka ikawa sauti ya daktari. Wengine walijibu kwa mzaha, wengine kwa haya, wote walijibu. Mimi na Paulina hatukuwa na kazi.

Wa mwisho alisimama yule aliyenyolewa. Kicheko kikafa. Alitembea mpaka mbele ya Gidamis, akamshika mkono akauweka tumboni kwake, chini ya kitovu, pale mwanawe alipokuwa anashika.

"Niulize kama ungemwuliza yeye," akasema.

Gidamis akamtazama usoni. Mama, mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?

"Miezi miwili sijaona kitu," akajibu yule mama. "Na tumbo linaniuma sana."

"Basi mama," akasema Gidamis, "leo huendi nyumbani. Utabaki hapa na mimi."

Yule mama akakaa chini pale pale aliposimama, na hakuna aliyemwambia ainuke.